Vinyonga zaidi ya mmoja ndani ya chumba kimoja: mnawapangaje wasisongeke?

mkiapete (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Nafuga vinyonga wawili wa Yemeni, dume na jike. Kila mmoja ana kizimba chake cha wavu, sentimita 60 kwa 60 na kimo cha 120, na vizimba vyote vimesimama ubavu kwa ubavu kwenye ukuta mmoja. Karibuni namtarajia wa tatu, dume wa Madagaska (Furcifer pardalis), na chumba ndicho hicho hicho.

Kinachonisumbua: jike akipanda kuota taa yake, dume anamgeuzia ubavu, anajibana bapa hadi anaonekana mara mbili ya umbo lake, anapanua mdomo na kufoka. Akishamaliza vitimbi anashuka chini ya majani na kubaki huko, kahawia iliyokolea, mchana kutwa. Chakula anadokoa tu. Joto nimepima liko sawa, taa ya UVB (mwanga wa urujuanimno kama wa jua) ni mpya, choo cha kawaida. Jike naye siku hizi anaparamia wavu, anashuka mpaka sakafuni, anazunguka, anapanda tena.

Kuwachanganya kizimba kimoja sina mpango, hilo tusilijadili. Nauliza kuhusu chumba. Mnaofuga zaidi ya mmoja mnapangaje? Na huyo wa tatu nimlete au nimuache?

Tawi_la_Juu

Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: jike akipanda ndipo vurugu inapoanza. Wavu unazuia kucha, hauzuii macho.

Kinyonga anaishi kwa macho. Kila jicho linazunguka kivyake, kwa hiyo bila kusogeza kichwa anaona mbele, kando na karibu nyuma yote. Ukuta wa wavu kwake haupo. Anachokiona ni kinyonga mwingine aliyesimama tawi la jirani, ndani ya himaya yake, asiyetishika na asiyeondoka.

Hawa wa Yemeni wamechunguzwa sana kwa jambo hilo. Mwaka 2013 Russell Ligon na Kevin McGraw wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walikutanisha madume na kupima rangi zao kwa picha: dume ambaye kichwa chake kiling'aa zaidi na kubadilika haraka zaidi ndiye aliyeelekea kushinda. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa upande wa pili, kwamba anayeshindwa hujitia giza, na giza hilo humfanya mshindi apunguze ukali. Porini mambo huishia hapo, aliyeshindwa anahama mti. Dume wako hana mti wa kuhamia. Anasalimu amri asubuhi, akiinua jicho jirani bado yupo, anasalimu tena. Ndiyo hiyo kahawia ya kutwa nzima.

Sasa dawa. Weka kizuizi kisichopitisha mwanga katikati ya vizimba viwili, kuanzia sakafuni hadi juu ya taa. Bodi nyepesi ya plastiki inatosha. Iwe nyeupe au ya kijani, isiyong'aa, na ifungwe nje ya wavu ili ndani abaki na pa kushika. Nguo inafaa kwa siku mbili tatu za majaribio, ila ukinyunyizia maji inalowa na kuota ukungu, tena ikipeperuka kidogo tu inamshtua.

Wengi hukosea sehemu moja: kizuizi kinaishia sawasawa na mlango wa mbele. Kinyonga hung'ang'ania wavu wa mbele, na macho yake yamechomoza nje kama punje mbili za karanga, kwa hiyo akiwa pale anachungulia pembeni na kumwona mwenzake aliyening'inia mlangoni vilevile. Bodi ivuke mbele ya mlango walau kiganja kimoja au viwili.

Usiniamini mimi, jaribu kwa simu. Ingiza mkono kizimbani, weka kamera pale hasa kichwa chake kinapokaa akiota joto, piga picha kila upande. Rudia akiwa wavu wa mbele, rudia kwenye tawi la kulalia. Ukiona kwenye picha hata kipande cha tawi la jirani, ujue na yeye anakiona, tena anakiona vizuri kuliko simu yako.

Ubavu_Bapa

Naongezea kwa Tawi: usije ukavipanga vizimba vitazamane mbele kwa mbele, hata kama chumba ni kirefu. Vyote viangalie upande mmoja. Ukitumia kona, kuta mbili zinazokutana, milango inakatizana macho na hapo utahitaji bodi ndefu zaidi au mmea mkubwa sakafuni katikati.

Halafu vioo. Kioo cha kabati, runinga iliyozimwa, picha yenye fremu ya kioo, vizimba vyenyewe vya kioo. Dirisha ndilo linalosahaulika zaidi: mchana halina neno, giza likiingia nje huku taa za chumba zinawaka linageuka kioo cha kujitazamia. Dume anamwona mpinzani anayemjibu kila ishara kwa ishara hiyo hiyo na asiyechoka. Pazia lishushwe kabla ya jua kuzama.

jicho360

Samahani wakuu, mimi nitakwenda kinyume kidogo. Wangu wanaonana tangu wakiwa wadogo, hakuna bodi wala nini, na hawafoki. Wanakula. Naona tunawatia watu woga bure. Tena kuna utafiti wa 2014 uliofanywa kwa hawa hawa wa Yemeni, waliolelewa peke yao tangu kuanguliwa walikuwa wanyonge zaidi, rangi zao hafifu, na wazito kukamata mdudu kuliko waliokulia kundini. Kwa hiyo upweke nao una madhara.

Tawi_la_Juu

Utafiti huo naufahamu na ni mzuri, watu wanaoupuuza wanakosea. Ila soma ulihusu nani: watoto, katika miezi ya mwanzo. Mtoto kujifunza kwa kuwaona wenzake ni jambo moja, dume mzima kumtazama dume mzima miaka mitatu ni jingine. Sisi wenyewe tunakuza vitoto kwa makundi madogo yanayolingana umbo, tukiwapunguza kila tunapoona mmoja anawahi wadudu wote na mwingine anakaa chini ya tawi lenye giza. Kwa wa Yemeni, kuanzia kama miezi mitatu kila mtu na kizimba chake.

Kuhusu kutofoka: sawa, inawezekana wako wametulia kweli. Inawezekana pia aliyeshindwa amekata tamaa ya kujibu. Ukiwatazama kwa mbali huwezi kutofautisha. Mizani ndiyo inayotofautisha. Pima uzito kwa gramu kila wiki, siku ile ile, kabla ya kula. Kisha ziba macho wiki mbili bila kubadilisha kitu kingine chochote na uangalie: anaanza kuota mapema zaidi asubuhi? Anakaa tawi la juu muda mrefu? Rangi imefunguka? Kama hakuna kilichobadilika, ondoa bodi, mimi sitakubishia.

jicho360

Haya, hilo la kuziba nitalijaribu. Mizani ninayo. Ila bado nasema wa pembe tatu (Trioceros jacksonii) ni wapole kuliko wa Yemeni.

Ubavu_Bapa

Wapole ndiyo, vipofu hapana. Dume wa pembe tatu akimwona mwenzake anainamisha zile pembe kama kawaida, na wanasukumana nazo kweli. Upole wake unatudanganya kwa kuwa anaonyesha taabu kimyakimya: anafumba macho mchana, anapungua, siku unayoshtuka ameshaumwa muda mrefu.

Hilo la kufumba macho mchana liandikeni mlangoni. Kinyonga mzima hafungi macho jua likiwa juu, isipokuwa anasugua jicho kwa dakika chache wakati wa kunyunyiziwa. Akifumba na kukaa hivyo, huyo si wa kupangiwa chumba, ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia.

Nyenje_Huru

Naona wote mmekaa kwenye macho, ngoja niseme habari ya joto na mwanga maana vizimba vikiongezeka chumba chenyewe kinabadilika.

Kizimba kimoja na taa yake ya joto, chumba hakihisi. Vizimba vitatu vyenye taa za wati 60 au 75, mlango umefungwa kutwa, hewa ya juu karibu na dari inachemka. Na juu ndiko kinyonga anakokaa. Unapima sehemu ya kuotea unakuta nyuzi 30, unaridhika, kumbe tawi lililo mbali na taa ambako angeenda kupoa nalo limefika 29. Hana pa kupoa. Atashuka chini, atapanua mdomo, na wewe utasema ni jirani. Kwa hiyo mkiapete, ukisema "joto liko sawa" nauliza umepima wapi. Pima penye taa, pima tawi la kivuli kwenye kimo kile kile, pima karibu na sakafu. Wa Yemeni mzima anataka sehemu ya kuotea ya nyuzi 29 hadi 32 hivi, na kwingineko kizimbani 22 hadi 27. Usiku joto lishuke, hata chini ya 20 hakuna tatizo kwa mzima mwenye afya, na analala vizuri zaidi.

Ukichanganya spishi, chumba kipangwe kwa anayetaka ubaridi. Kizimba ni rahisi kukipasha kwa taa, kukipoza ni kazi. Wa Madagaska na wa Yemeni wanakaribiana, hao utawaweza pamoja. Wa pembe tatu ni wa milimani huko Kenya na Tanzania, kuotea kwake 27 kunamtosha na usiku anataka baridi ya kweli. Kumchanganya na wale wawili katika chumba kidogo ni kumtesa mmoja wao, na mara nyingi ni yeye.

Mwanga wa UVB: taa ndefu za T5 (mirija myembamba) ndizo zinazosambaza vizuri, na penye tawi la juu ulenge UVI (kipimo cha ukali wa mwanga huo) ya 3 hivi. Taa moja ndefu ikatize juu ya vizimba viwili? Watu hufanya hivyo kuokoa. Mimi sipendi, kwa sababu bodi lako la katikati litaacha upenyo pale pale kwenye taa, na ndipo kila mmoja anapopanda.

Taima moja iwashe na kuzima taa zote kwa pamoja, saa 12 mwanga na saa 12 giza. Kizimba kimoja kikibaki kinawaka kwa saa mbili zaidi, wenzake hawalali, na kinyonga asiyelala ndiye yule wa kufumba macho mchana. Taa nyekundu au za buluu za usiku tupa, wanaziona. Kama chumba ni cha watu pia, mnakaa mpaka usiku mnaangalia runinga, basi hicho hakifai, tafuta kingine.

Maji: vinyunyizio vitatu vikifanya kazi mchana chumba kinakuwa mvuke mtupu. Nyunyiza alfajiri na usiku penye ubaridi, mchana kizimba kikauke. Unyevu pamoja na joto na hewa iliyosimama ndiyo njia fupi ya kumpa homa ya mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiziba pande tatu kwa bodi acha juu wazi na sehemu ya chini ya mlango wazi, hewa ipande yenyewe.

mkiapete (mleta uzi)

Asanteni sana wakuu. Nimepiga zile picha za kamera, na kweli, kutoka tawi la dume la kuotea naona tawi la jike zima zima. Nimeweka bodi, nimeivusha mbele ya milango. Nimepima pia: tawi la kivuli la dume lilikuwa 28, nimepandisha taa juu kidogo na mlango wa chumba sasa unabaki na upenyo.

Dume amebadilika. Leo alikuwa juu muda mrefu, kijani chenye michirizi ya njano, amekula panzi watatu mfululizo. Jike lakini bado. Haoni mtu yeyote sasa, na bado anashuka sakafuni, anakwaruza kwenye chungu cha mmea, anapanda wavu, anashuka. Hajagusa chakula. Je, bado kumbukumbu ya dume inamsumbua?

Mama_Kichanja

Kumbukumbu wapi, mwanangu. Huyo anatafuta pa kutaga.

Ana umri gani? Jike wa Yemeni anaweza kuanza kubeba mayai akiwa na miezi mitano au sita, na hahitaji dume. Mayai yasiyo na mbegu yatakuja vilevile. Mtazame rangi: kijani kimekolea kuwa giza, juu yake madoa ya njano na ya buluu? Tumbo limejaa pande zote mbili, unaliona kama limetiwa gololi? Anakwaruza udongo? Anagoma kula lakini anakunywa sana? Kama majibu ni ndiyo, wekeni kando habari ya jirani kwa leo. Jike akikosa pa kutaga hushikilia mayai, na hiyo inaua.

Tafuta ndoo au beseni lenye kina, upana sentimita 30 hivi, jaza mchanga safi uliochanganywa na udongo usio na mbolea, kina kisipungue sentimita 20, 30 ni bora. Lowesha kiasi kwamba ukichimba shimo kwa kidole haliporomoki, na ukifinyanga hautoi maji. Weka ndani ya kizimba pale anapokwaruza, tawi moja lielekee humo.

Kisha ziba. Hapa ndipo ninyi wote hapo juu mmesahau kwamba macho yanayomsumbua kinyonga si ya kinyonga mwenzake pekee. Funika nusu ya chini ya kizimba pande zote, pamoja na mbele. Anapochimba anazama kichwa ndani ya shimo, mkia nje, hawezi kujitetea, na akikuona umesimama unachungulia ataacha shimo na kuanza upya, au hataanza kabisa. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko, chungulia kutoka huko. Na watoto wa nyumbani wasiingie.

Akimaliza atafukia mwenyewe na kukanyaga. Utamwona amekonda ghafla, ana udongo puani. Mpe maji ya kudondosha muda mrefu na wadudu waliopakwa kalsiamu. Baadaye, ukitaka asitage mafungu makubwa, sehemu yake ya kuotea ishushe iwe 27 na chakula kipungue, siku chache kwa wiki badala ya kila siku. Mayai 20 hadi 30 ni nafuu kwake kuliko 70.

Akipita siku mbili akiwa amelala chini, macho yamefumba, hachimbi, ni daktari, usisubiri.

mkiapete (mleta uzi)

Mama, ni ndiyo kwa yote. Naandaa ndoo sasa hivi.

ChooKwanza

Nimechelewa lakini huyo wa tatu bado hajafika, kwa hiyo bado nina nafasi. Mkuu mkiapete, usimwingize chumba hicho. Bado.

Mgeni anakaa karantini chumba kingine kabisa, siku 60 hadi 90. Si kona nyingine ya chumba hicho hicho. Bafu lisilotumika, stoo yenye hewa, popote penye mlango unaofungwa. Kizimba kitupu kiasi, matawi na mmea mmoja, karatasi sakafuni ili kinyesi kionekane. Kinyesi kibichi kipelekwe maabara, na majibu safi ya mara moja yasikutoshe maana vimelea havitoki kila siku. Rudia walau mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa.

Adui mkubwa wa chumba chenye vinyonga wengi ni koksidia, kimelea kidogo mno cha utumbo. Haiuwi haraka, inanyonya polepole, na vijiyai vyake havisikii dawa nyingi za kawaida za kusafishia. Mvuke wa moto na kukausha ndivyo vinavyosaidia. Inahamaje? Kwa nyenje. Nyenje mmoja anamtoroka kinyonga A, ametembea juu ya kinyesi chake na kunywa maji pale, anapita chini ya bodi lenu zuri, anaingia kwa kinyonga B na kuliwa. Bodi halimzuii. Kwa hiyo: wadudu wapewe kwenye kikombe chenye kuta laini wasichopanda, waliobaki jioni watolewe, na mdudu aliyeingia kizimba kimoja asirudi kwenye ndoo ya akiba wala kupewa mwingine.

Utaratibu wa mikono: wenyeji kwanza, mgonjwa baada yao, mgeni wa karantini mwisho kabisa. Kila kizimba na koleo lake. Nawa mikono kwa sabuni, hiyo ni kwa ajili yako pia, reptilia hubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa.

Na asije mtu hapa akasema atachukua wa porini kuongeza kundi. Karibu vinyonga wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, nchi nyingi zinadai kibali hata kabla hujafika mpakani. Ukiacha sheria, wa porini anafika na minyoo ya kutosha kuwaambukiza wenzake wote, na msongo wa kukamatwa juu yake.

Ubavu_Bapa

Karantini ina faida nyingine: unajifunza rangi zake za utulivu kabla hajakutana na lolote. Wa Madagaska anaweza kukuchanganya. Akitulia ni kijani au buluu kutegemea asili yake, akichachamaa anageuka njano na nyekundu, anapendeza kupita maelezo, na mfugaji mgeni anafurahi kwamba "leo amechangamka". Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza inavyotokea: chini ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo mno za guanini, akiwa ametulia zimesongamana na kurudisha mwanga wa buluu, akipandwa na hasira zinatengana, na mwanga unaorudi unaelekea njano na nyekundu. Kwa hiyo zile rangi za kupigia picha ukiziona kila siku, tafuta anamwona nani.

msomaji_kimya

Nina swali la pembeni. Mimi nataka kutumia rafu moja ya chuma ya ngazi mbili, wawili chini wawili juu. Bodi zitakuwepo. Inafaa?

Tawi_la_Juu

Sishauri, kwa sababu mbili.

Kwanza kimo. Kinyonga anajiona salama akiwa juu ya kile anachokiogopa. Wa ngazi ya chini kila siku anaona mikono na vichwa vyetu vikimjia kutoka juu, na adui zake wakubwa porini, ndege, hutokea huko huko. Vizimba vyote viwe kimo kimoja, na tawi la juu la kila kimoja liwe sawa na macho yako ukisimama, au juu zaidi. Ukikosa nafasi ya hivyo kwa wanne, basi nafasi yako ni ya wawili. Idadi huamuliwa na urefu wa ukuta wa kimo hicho, hata kama sakafu ni kubwa.

Pili, mtikisiko. Kinyonga hana tundu la sikio, sauti za kawaida hazimsumbui sana, lakini anahisi tetemeko la tawi vizuri mno. Mwaka 1999 iliandikwa kwamba hawa wa Yemeni hutetemesha mwili na mtetemo huo hupita kwenye mmea, na wanautumia wanapokutana. Rafu ya chuma inapitisha kila kitu: huyu akiruka, yule anahisi. Mlango ukibamizwa wote wanne wanahisi. Spika usiiweke juu yake. Kila kizimba kisimame kwenye meza yake au kifungwe ukutani kivyake, na hakikisha hakuna mmea uliotambaa kutoka kizimba kimoja kwenda kingine. Watu wanapenda kuachia ule mtambaa wa Epipremnum upite kote kwa sababu unapendeza.

msomaji_kimya

Basi wawili. Na mimea gani mnajazia ndani?

Nyenje_Huru

Ficus benjamina, schefflera, haibiskasi, huo mtambaa. Wa Yemeni hutafuna majani kwa hiyo chochote kilichopuliziwa dawa kisiingie, badilisha udongo na osha majani kwanza. Jaza katikati, si pembeni tu. Kipimo changu: ukisimama mlangoni na kinyonga yuko ndani, inakubidi umtafute. Kama unamwona mara moja, majani hayatoshi.

jicho360

Narudi na majibu. Nimeziba. Wawili kati yao sioni tofauti yoyote, kwa hiyo nasimama na nilichosema. Wa tatu, yule mdogo wao, gramu zimepanda wiki hizi mbili na ameacha kulala kona ile ya nyuma. Bodi lake litabaki.

msomaji_kimya

Na jua je? Nataka kuwatoa nje wapate jua la kweli, mmoja mmoja. Kuna shida akimpita mwenzake njiani?

Mama_Kichanja

Ipo, tena kubwa kuliko unavyofikiri, maana ukimpitisha mkononi mbele ya mlango wa mwingine unawakutanisha uso kwa uso bila jani hata moja katikati, na anayerudi kizimbani anabaki amechafuka siku nzima. Mpandishe kwenye tawi au mmea mdogo wa chungu, mfunike kitambaa chepesi, mtoe, mrudishe vivyo hivyo. Aliye karibu na mlango wa chumba atoke wa kwanza. Huko nje tumia kizimba cha wavu chenye kivuli nusu, chombo cha kioo au cha plastiki jua litamwivisha humo ndani ndani ya dakika chache. Kaa naye, ndege wanaona haraka. Na wawili wasitoke kwa pamoja hata kama una vizimba viwili vya nje, isipokuwa nyumba nzima iko katikati yao.